Wakala anataka asaini, mimi nataka asome

Mjomba, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Calgary, Kanada. Mimi ni wa Morogoro, mume wangu ni mtu wa Muheza, na watoto wetu wote watatu wamezaliwa hukuhuku kwenye baridi. Mimi nahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, baba watoto anaendesha lori. Sijaja kwako kulia njaa. Kinachotugombanisha nyumbani ni mchezo.

Kijana wetu wa kwanza ana miaka 20 na anacheza hoki ya barafuni. Najua wasomaji wako wengi wataguna. Hata mimi niliguna siku aliporudi kutoka shule ya msingi na fomu ya kujiandikisha, lakini baba yake aliichukua ile fomu na kuijaza palepale jikoni. Tangu hapo maisha yetu yakawa barafu tupu. Kuamka saa kumi na moja alfajiri kumpeleka mazoezini kabla ya shule. Fimbo moja zaidi ya dola 300, na inaweza kuvunjika siku ya kwanza. Begi la vifaa linalonuka gereji nzima hata uoshe vipi. Ada nyingine nililipa kwa zamu yangu ya upatu na akina mama wenzangu, nao wakawa wananiuliza huo mchezo usio na mpira ni mchezo gani.

Basi akawa mzuri kweli. Alipofika miaka 17 akachukuliwa na timu ya ligi ya vijana ya huku magharibi, WHL, tukamkabidhi kwa familia ya wenyeji katika mji mdogo wa Saskatchewan akae nayo wakati wa msimu, maana ndivyo wanavyofanya. Amecheza huko misimu minne. Ni beki, mrefu, ana nguvu. Katika ule uteuzi wa kila mwaka wa NHL, ligi kubwa ya huku, ambapo timu huchagua vijana kwa zamu, hakuna timu iliyotaja jina lake. Sasa umri wake wa ligi ya vijana umekwisha.

Wakala wake anasema kuna timu ya ECHL, ligi ya kulipwa ya ngazi ya chini, kusini mwa Marekani inataka asaini, na anataka jibu kabla ya mwisho wa Julai. Wakati huohuo kocha wa chuo kikuu kimoja cha hapa Kanada amemwekea nafasi. Ile ligi ya vijana ina ufadhili: kila msimu uliocheza unakulipia mwaka mmoja wa ada na vitabu. Kwa hiyo mwanangu ana miaka minne ya chuo imekaa inamsubiri!

Mume wangu hataki kusikia habari ya chuo. Anasema hakuamka alfajiri miaka yote hiyo ili mtoto aende kusoma uhasibu. Wakala amemsimulia habari za Alex Burrows, kwamba naye hakuteuliwa, naye alianzia ECHL, na akaishia kucheza NHL miaka na miaka. Mume wangu sasa anamtaja Burrows kama vile ni binamu yake. Juu ya hapo, shemeji yangu aliyeko Tanga ameweka picha ya kijana kwenye kundi la WhatsApp la ukoo na kuandika "Samatta wetu wa barafuni, anasaini Marekani". Mjomba, haikupita wiki. Kuna harusi ya binti wa shangazi yao, tumeandikiwa mchango wa laki nane. Mwingine ameuliza kama kijana anaweza kumalizia bati za nyumba yake. Huyo kijana mpaka leo mafuta ya gari namwekea mimi.

Mimi naogopa. Nimeona kwenye simu anavyopigana uwanjani, wanavua glavu na kupigana ngumi, na mwamuzi amesimama anawaangalia. Mara moja mtu jukwaani alimtukania rangi yake. Yeye hakuniambia, niliambiwa na mdogo wake. Kijana mwenyewe hasemi mengi. Siku moja tuko garini aliniambia amechoka na basi, nikamwambia apumzike, safari za huku ni ndefu. Akifika nyumbani anaingia gereji kufunga tepu kwenye fimbo zake.

Mume wangu ameninunia, anasema namzibia mtoto riziki. Nikatae? Ninyamaze? Nifanyeje?

Mama wa Beki, Calgary

*

Marahaba, mama. Pole kwa kununiwa.

Wasomaji wanaoguna nawaomba wavumilie kidogo, hoki si mbali sana na sisi. Nairobi ina timu yake, Ice Lions, na Kenya iliingia shirikisho la dunia la hoki ya barafuni mwaka 2024. Lakini ngazi ya huko Amerika Kaskazini haifanani na yetu, na nadhani nusu ya ugomvi wa nyumba yako inatokana na hapo. Kwetu timu ndiyo hupanda daraja: inatoka Championship inaingia Ligi Kuu na wachezaji wake wote. Huko timu haipandi. Inakaa palepale miaka yote, anayepanda ni mchezaji mmojammoja. Juu kuna NHL yenye timu 32. Chini yake kuna AHL, ya tangu 1936, ambako kila timu ya NHL ina timu yake ya kulelea vijana. Chini ya AHL ndiyo hiyo ECHL iliyoanza 1988, ina timu kama 30, karibu zote ziko Marekani.

Sasa, swali ambalo barua yako haikulijibu, na naona hata mumeo hajaliuliza: mkataba huo ni wa nani? Katika timu moja ya ECHL utakuta vijana watatu wamevaa jezi moja na wamepanda basi moja, lakini hawako sawa hata kidogo. Wa kwanza ana mkataba na timu ya NHL, ameshushwa akacheze mechi nyingi akomae. Wa pili ana mkataba na timu ya AHL, naye kashushwa. Wa tatu amesaini na timu ya ECHL peke yake. Pengo likitokea huko juu, simu inawaendea wale wawili kwanza, kwa sababu kuna mtu ameshawalipia. Huyu wa tatu huitwa watu wakiumia, mara nyingi kwa mkataba wa majaribio wa mechi zisizozidi 25, kisha anarudi alikotoka. Na timu yake inaweza kumwacha au kumuuza katikati ya msimu, hata kama juzi tu kafungua mabegi.

Ulivyoandika, "timu ya ECHL inataka asaini", inanipa picha ya huyo wa tatu. Nikikosea, yaani ikiwa kuna timu ya AHL inayomsainisha na kumpeleka ECHL akue, basi soma majibu yangu kwa jicho jingine, maana hapo hoja ya mumeo ina uzito. Mpigieni wakala leo, nyinyi wawili pamoja, simu ikiwa kwenye spika, mumuulize hilo kabla ya lolote. Muulizeni pia nani yuko mbele ya kijana kwenye orodha ya mabeki, na katika misimu ya karibuni timu hiyo imepeleka AHL mabeki wangapi waliokuwa na mkataba wa ECHL tu. Akianza kuwasimulia tena habari za Burrows, mrudisheni kwenye swali.

Habari za Burrows ni za kweli, sizipingi. Alizunguka timu za ECHL, akapanda Manitoba Moose ya AHL, akaingia Vancouver Canucks na kucheza NHL zaidi ya mechi 900. Lakini angalia hesabu yenyewe. Tangu 1988 waliopita ECHL hadi NHL ni zaidi ya 700. Inasikika kama umati. Igawe kwa miaka, unapata wastani wa watu 20 hivi kwa mwaka, katika ligi yenye timu 30 na kila timu ina wachezaji wasiopungua 20. Humo toa magolikipa, kama Jonathan Quick na Jordan Binnington, ambao timu za NHL zenyewe ziliwateua na kuwapeleka huko wapate mechi. Toa na wale waliocheza NHL mechi moja wakarudi. Waliobaki ndio aina ya mwanao. Wapo. Ila usiuze gari kwa ajili yao.

Kuhusu pesa, ili ukoo wa Tanga upate kuelewa. Msimu wa 2025/26 kima cha chini cha mshahara NHL kilikuwa dola 775,000 za Marekani. ECHL wanalipwa kwa wiki, na ni mamia ya dola, toka Oktoba hadi Aprili hivi. Nyumba timu inatoa wakati wa msimu. Msimu ukiisha mshahara nao umekwisha, na wachezaji wengi hufanya vibarua kiangazi kizima. Kwa hiyo jina ni "mchezaji wa kulipwa", sawa, na mafuta ya gari pengine utaendelea kuweka wewe.

Sasa naja kwenye jambo lililonifanya niichague barua yako kati ya nyingi. Wewe na mumeo mnabishana kama vile hoki iko upande mmoja na chuo upande mwingine. Mnagombania milango miwili ambayo haifungwi kwa namna moja. Akienda chuo kikuu cha Kanada, anaendelea kucheza hoki, na akimaliza ECHL ipo palepale inamsubiri. Kila mwaka inachukua vijana waliotoka vyuoni. Akisaini sasa, huenda ufadhili ukamponyoka.

Nikueleze kwa nini hatachelewa. ECHL ina kanuni ya wakongwe: mkongwe ni aliyecheza mechi 260 au zaidi za kulipwa, na timu inaruhusiwa kuwavalisha jezi wakongwe wanne tu kwa mechi moja. AHL nayo ina kanuni ya kufanana na hiyo, inayowalazimu makocha kujaza kikosi na wachezaji wenye mechi chache. Maana yake saa ya mchezaji inahesabu mechi za kulipwa. Msimu mmoja wa ECHL una mechi 72. Kijana akianza na miaka 20, kufika 24 ameshaikaribia au ameshaipita 260, na kama hajapanda, nafasi yake inaanza kutafutiwa mtu mwingine. Akitoka chuoni na miaka 24 au 25 anaingia na sifuri, mwili umekomaa, na shahada iko mfukoni. Mechi za chuo hazimo kwenye hesabu hiyo.

Mumeo ana Burrows, na mimi nina Joel Ward. Mweusi, mtoto wa wahamiaji kutoka Barbados, amezaliwa Toronto. Hakuteuliwa na timu yoyote. Umri wake wa ligi ya vijana ulipokwisha mwaka 2001 akaenda Chuo Kikuu cha Prince Edward Island, akasoma na kucheza miaka minne. Alipomaliza akaanzia AHL, kule Houston, akiwa na miaka 24, na mpaka anapata nafasi ya kudumu NHL, Nashville, alikuwa anakaribia 28. Aprili 2012, akiwa na Washington Capitals, alifunga bao la muda wa nyongeza katika mechi ya saba, ile ya kuamua nani anasonga mbele, dhidi ya Boston, mabingwa watetezi, likawatoa. Alicheza NHL zaidi ya mechi 700. Mwambie mumeo amtafute kwenye simu, amtazame akifunga lile bao.

Ufadhili wenyewe, tafuta ile barua waliyompa wakati anasaini WHL. Isomeni mstari kwa mstari. Una tarehe ya mwisho ya kuanza kuutumia, na una masharti kuhusu mkataba wa kulipwa: upi unaufuta, upi hauufuti, na kwa muda gani. Msikubali kuambiwa kwa mdomo na mtu yeyote, awe wakala awe kocha. Andikeni barua pepe ofisi ya ligi, muombe jibu la maandishi lenye tarehe. Kuna watu wamecheza mwaka mmoja wa kulipwa wakarudi chuoni, na kuna waliorudi wakakuta muda umepita. Vilevile, tangu Agosti 2025 vyuo vya Marekani vilivyo chini ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo, vinapokea vijana waliocheza WHL, jambo ambalo zamani lilikuwa mwiko. Gavin McKenna, nyota wa Medicine Hat hapo Alberta kwenu, aliutumia mlango huo mwaka huohuo kwenda Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani. Kwa umri wa mwanao nafasi hiyo ni finyu, lakini kuuliza ni bure, na muulize kabla hajasaini popote kwa sababu mkataba wa kulipwa unaweza kuufunga.

Ngumi. Hapa sitabembeleza. Beki mrefu mwenye nguvu ambaye hakuteuliwa, tena mweusi, atakuta kocha mahali fulani anayemtaka kwa ajili ya ngumi zake. Adhabu yake ni dakika tano nje, kisha mchezo unaendelea, na mashabiki wa miji midogo wanalipenda sana jambo hilo. Derek Boogaard aliyekuwa mpiganaji wa Minnesota Wild na New York Rangers alikufa Mei 2011, miaka 28, baada ya kuchanganya pombe na vidonge vya maumivu. Ubongo wake ulipopimwa ulikutwa na CTE, ugonjwa unaohusishwa na kupigwa kichwani mara kwa mara. Mumeo anapaswa kumuuliza kocha wa ECHL swali hili moja kwa moja: unamtaka mwanangu afanye nini? Jibu likiwa na maneno kama "kuwalinda wenzake" na halina neno kuhusu kutoa pasi, amelipata jibu.

Na matusi ya rangi yapo, chini na juu. Nyinyi mko Calgary, mnakumbuka Novemba 2019, Akim Aliu, mzaliwa wa Nigeria, aliposema hadharani kwamba kocha Bill Peters alimtukana kwa rangi yake walipokuwa AHL. Peters akajiuzulu ukocha wa Flames, timu ya NHL ya hapo kwenu. Januari 2022 ECHL ilimfungia mchezaji mmoja kwa msimu wote uliobaki kwa ishara ya kibaguzi aliyomfanyia Jordan Subban, mchezaji mweusi. Adhabu zinatolewa, basi. Kijana akienda huko ajue kuna chama cha wachezaji wa AHL na ECHL, PHPA, kilichoanzishwa 1967, na namba yake ikae kwenye simu kabla ya shida. Lakini lililoniuma zaidi kwenye barua yako ni kwamba hakukuambia. Hilo lihusiane na chuo au lisihusiane, linakudai mazungumzo.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Ndani yake anazungumza wakala, anazungumza mumeo, shemeji, kocha wa chuo, na wewe. Kijana ana sentensi moja: amechoka na basi. Wewe ukasikia uchovu wa safari. Huenda ni hivyo tu, maana WHL inatoka Manitoba mpaka Oregon, na mtu amelala kwenye kiti miaka minne. Huenda pia alikuwa anakujibu swali ambalo hakuna aliyemuuliza. ECHL ni basi vilevile. Mara nyingine wanacheza Ijumaa, Jumamosi na Jumapili mfululizo, usiku wako barabarani. Nenda gereji. Usiende na hoja za chuo, wala majibu yangu usimsomee. Kaa juu ya hilo begi linalonuka, umuulize alimaanisha nini, na ukishauliza nyamaza mpaka aseme. Akisema anataka kwenda kusaini, na anajua mkataba ni wa aina gani na ufadhili unaisha lini, basi ana miaka 20, mkono utakaosaini ni wake. Mpe baraka na mkubaliane tarehe: msimu mmoja, halafu mnakaa tena kabla ufadhili haujafa. Mimi ningekuwa yeye ningekwenda chuo. Lakini mimi sijawahi hata kusimama kwenye barafu.

Mumeo usimwone adui. Mtu aliyeendesha gari gizani miaka yote hiyo, kwenye theluji, akitoka zamu, naye amecheza hoki hiyo. Akisikia neno "chuo" anasikia kwamba yote yalikuwa bure. Mwonyeshe kwamba hiyo miaka minne ya ada imelipwa na yale mazoezi ya alfajiri. Hakuna mzazi Calgary anayepewa hivihivi. Mwambie hivyo wewe, kwa maneno yako, na umwambie siku ambayo hamjagombana.

Ya mchango wa laki nane sitaki uyaguse kabisa. Shemeji ni ndugu yake, kundi ni la ukoo wake, na picha ilitoka kwenye simu yake. Baba watoto ndiye aandike mle kwamba kijana hajasaini popote na hana mshahara. Harusi mchangie kwa kiwango chenu cha siku zote, kwa jina lenu wawili, na huyo wa bati umwambie Mjomba anamsalimu.